Nairobi hadi New York bila kutua: ushindani wa njia ambayo ina shirika moja tu

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787-8 ilipaa kutoka Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ikaelekea uwanja wa John F. Kennedy jijini New York bila kutua popote njiani. Kabla ya hapo hakukuwa na safari ya abiria ya moja kwa moja kati ya Kenya na Marekani, na tangu usiku huo hakuna shirika jingine lililojitosa katika njia hiyo. Anayetazama kwa mbali anaweza kudhani kwamba shirika lililo peke yake katika njia ya umbali wa kilomita 11,800 hivi limejipatia soko lisilo na mpinzani. Ukweli ni kinyume chake. Njia hii ina washindani wengi na wenye nguvu, isipokuwa ushindani wenyewe haufanyiki juu ya Atlantiki, bali Addis Ababa, Dubai, Doha, Amsterdam na London. Bila kulielewa jambo hilo ni vigumu kueleza kwa nini ndege inayoondoka imejaa mwezi Agosti inaweza kupunguziwa safari miezi michache baadaye, au kwa nini shirika linaweza kushangiliwa kwa kufungua njia na bado likaendelea kuhesabu hasara.

Kwanza, kibali. Watu wengi hudhani kwamba shirika likishanunua ndege yenye uwezo wa kufika Marekani, kilichobaki ni kuuza tiketi. Marekani haianzi kwa kulipima shirika. Inaanza kwa kuipima nchi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, hukagua kama mamlaka ya nchi husika, ambayo kwa Kenya ni KCAA, ina sheria, wakaguzi na uwezo wa kusimamia usalama wa ndege kwa viwango vya kimataifa. Nchi isiyo na daraja la kwanza katika ukaguzi huo hairuhusiwi kuanzisha safari za ndege zake kwenda huko, hata kama shirika lake lina sifa njema kiasi gani. Kenya ilipata daraja hilo Februari 2017, baada ya miaka mingi ya kulitafuta. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ikatoa kibali cha shirika lenyewe baadaye mwaka huohuo, na tiketi zikaanza kuuzwa Januari 2018.

Kulikuwa pia na suala la uwanja, na hapa historia ina kumbukumbu chungu. Juni 2009, shirika la Marekani la Delta lilikuwa tayari kuanza safari za Atlanta hadi Nairobi kupitia Dakar. Tiketi zilikuwa zimeuzwa na maandalizi ya sherehe yamefanywa, ndipo idara ya Marekani inayosimamia usalama wa usafiri ilipoizuia safari hiyo katika dakika za mwisho kwa hofu ya usalama. Delta haikurudi. Ili ndege iruhusiwe kuondoka Nairobi na kwenda Marekani bila kutua, uwanja wa Jomo Kenyatta ulipaswa kubadilishwa: abiria wanaowasili watenganishwe na wanaoondoka, na ukaguzi uanzie mbali na jengo. Ndiyo maana leo abiria anayefika uwanjani kwa gari hushuka getini, akapita kwa miguu kwenye mashine ya ukaguzi huku gari likikaguliwa upande wake, kisha akalipanda tena ng'ambo ya pili kabla hajalifikia jengo la abiria. Wengi hulalamikia usumbufu huo, hasa mvua ikinyesha. Lakini uwanja usioaminika kiusalama haupati ndege ya kwenda New York, na kwa kipimo hicho naona usumbufu huo umejilipa.

Suala la tatu ni la maumbile ya nchi yenyewe. Nairobi iko mita 1,600 na ushee juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam, na hewa nyepesi huyadhoofisha mabawa na injini kwa wakati mmoja, kwa hiyo ndege hulazimika kukimbia zaidi ardhini kabla ya kuinuka au kupunguza uzito. Joto huongeza tatizo, kwa kuwa hewa yenye joto ni nyepesi zaidi. Ndege aina ya 787-8 ina ukomo wa uzito wa tani 227 hivi wakati wa kupaa, na safari ya Nairobi hadi New York huhitaji takriban tani 85 za mafuta, yaani zaidi ya theluthi moja ya uzito wote ni mafuta yatakayochomwa kabla ya kutua. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya ndege yenyewe, abiria, mabegi yao na shehena. Hesabu ikibana, shehena ndiyo inayokatwa kwanza. Njia ya kurukia ya uwanja huo, yenye urefu unaozidi mita 4,000, inasaidia sana, na kuondoka usiku wakati hewa imepoa kunasaidia pia. Safari ya kurudi haina shida hiyo, kwa sababu uwanja wa Kennedy uko karibu kabisa na usawa wa bahari, na pepo za juu za Atlantiki huisukuma ndege kutoka nyuma badala ya kuipinga. Ndiyo sababu kwenda huchukua saa 15 hivi na kurudi saa 14 hivi.

Ratiba iliyotangazwa wakati wa uzinduzi inaonyesha jinsi mambo haya yanavyofungamana. Ndege iliondoka Nairobi saa 5:25 usiku na kufika New York saa 12:25 asubuhi, ikakaa hapo saa sita, ikaondoka saa 6:25 mchana na kutua Nairobi saa 4:55 asubuhi ya siku iliyofuata. Mpangaji ratiba hakuzichagua saa hizo kwa bahati nasibu. Kufika alfajiri kunampa abiria siku nzima ya kuunganisha ndege za ndani za Marekani, na kutua Nairobi kabla ya adhuhuri kunamwezesha anayekwenda Entebbe, Kigali, Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa kufika kwake siku hiyohiyo. Kila safari ilihitaji marubani wanne, ambao hupokezana na kulala kwa zamu, kwa sababu sheria za usalama haziruhusu rubani kukaa kazini saa zote hizo.

Tuitazame ratiba hiyo kwa jicho la mwenye ndege. Ndege iliyoondoka Jumatatu saa 5:25 usiku inarudi Jumatano saa 4:55 asubuhi, yaani inakuwa mbali na Nairobi kwa saa 35 na nusu. Kwa hiyo safari ya kila siku hushikilia ndege mbili nzima, moja ikienda na nyingine ikirudi. Kenya Airways ina ndege tisa za aina hiyo, na hizohizo ndizo zinazotegemewa kwa London, Paris, Amsterdam, Guangzhou na njia nyingine ndefu. Ndege moja ikipata hitilafu New York, hakuna nyingine iliyokaa akiba ya kwenda kuwachukua abiria. Lazima inyang'anywe njia nyingine. Shirika lenye ndege kubwa mia moja hulimeza tatizo la namna hiyo bila abiria wa London kujua. Shirika lenye tisa haliwezi.

Hapo ndipo tunapowafikia washindani. Kutoka Nairobi hadi New York kupitia London ni kilomita 12,400 hivi, na kupitia Amsterdam ni 12,500 hivi. Tofauti na njia ya moja kwa moja haifiki kilomita 800, yaani chini ya saa moja angani. Ulaya iko karibu kabisa na mstari wa safari, kwa hiyo British Airways au KLM haimzungushi abiria hata kidogo. Inachomgharimu ni muda wa kusubiri uwanjani na uhakika kwamba begi lake limehamishwa. Kupitia Dubai ni mzunguko wa kweli, kilomita zisizopungua 14,500, lakini Emirates ina safari kadhaa kwa siku kati ya Dubai na New York, na abiria aliyechelewa moja husubiri nyingine. Faida inayouzwa na Kenya Airways basi ni saa chache zilizookolewa pamoja na usingizi usiokatizwa. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ina kikomo cha bei. Mfanyabiashara, mtumishi wa Umoja wa Mataifa aliyeko Gigiri au mgonjwa anayesafiri kwa kiti cha magurudumu atailipia. Familia ya watu watano inayokwenda nyumbani kwa Krismasi itaulinganisha mzunguko wa Doha na akiba ya nauli tano, na mara nyingi Doha itashinda.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha suala zima, ingawa halikuzungumzwa sana siku za uzinduzi. Marekani ni nchi inayoongoza kwa fedha ambazo Wakenya walio nje hutuma nyumbani, na jamii yao huko ni kubwa. Lakini wengi wao hawaishi New York. Wako Minnesota, Texas, Massachusetts, Maryland, Georgia na jimbo la Washington. Kwa Mkenya wa Minneapolis, ndege ya moja kwa moja kwenda Nairobi si ya moja kwa moja hata kidogo: lazima kwanza afike New York. Akitokea Nairobi, hushuka Kennedy alfajiri, akapanga foleni ya uhamiaji, akachukua mabegi yake na kuyapitisha forodhani, akayakabidhi upya, ndipo akapanda ndege ya ndani. Akiwa anatoka pwani ya magharibi, kuiwahi ndege ya saa 6:25 mchana humlazimu kusafiri usiku kucha au kulala New York. Wakati huohuo, KLM na mshirika wake Delta wanaunganisha Amsterdam na Minneapolis, Qatar Airways inakwenda Doha hadi Dallas, Emirates inatua Boston, Houston, Seattle na Washington. Kwa abiria huyo wote ni sawa: ndege mbili, kituo kimoja. Faida kubwa ya Kenya Airways inayeyuka mara tu anapotoka nje ya eneo la New York, na hapo shirika hulazimika kushindana kwa nauli na urahisi wa kuunganisha, dhidi ya mashirika yenye mtandao mpana kuliko lake.

Dawa ya tatizo hilo ni mshirika wa upande wa pili. Kenya Airways ni mwanachama kamili wa muungano wa SkyTeam tangu mwaka 2010, pamoja na Delta, na mashirika yote mawili hutumia jengo namba 4 pale Kennedy, kwa hiyo abiria habadilishi jengo. Hata hivyo ushirika una pande mbili. Kwa miaka mingi Kenya Airways na KLM ziligawana mapato ya njia za Ulaya kwa mkataba wa pamoja uliokoma mwaka 2021, na KLM, iliyonunua asilimia 26 ya hisa za shirika hilo wakati wa ubinafsishaji wa miaka ya 1990, ilikuwa ikibeba abiria wa Marekani kupitia Amsterdam. Kila abiria aliyehamia ndege ya New York alipunguza idadi ya wale waliokuwa wakipitia Ulaya kwa mkono wa mshirika huyohuyo. Shirika dogo lililomo katika muungano mkubwa hukumbwa na mgongano wa namna hii kila linapotaka kuruka kwa mabawa yake lenyewe.

Mpinzani wa kutazamwa kwa makini zaidi, hata hivyo, yuko jirani. Ethiopian Airlines ilianza kwenda Marekani mwaka 1998, miaka 20 kabla ya Kenya Airways, na ikafika pia Newark, Chicago na Atlanta. Cha kushangaza ni kwamba mazingira yake ya kupaa ni magumu zaidi. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko mita 2,300 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo ndege zake za Washington kwa miaka mingi zilikuwa zikienda na kutua Dublin kuongeza mafuta, kisha kurudi moja kwa moja. Shirika hilo likaugeuza udhaifu huo kuwa biashara. Ikiwa lazima utue mahali, basi tua panapo abiria: safari ya Newark ikapitishwa Lomé, nchini Togo, ambako Ethiopian ina ubia katika shirika la ASKY linalokusanya watu kutoka Afrika Magharibi. Kwa njia hiyo ndege moja inabeba watu wa kanda mbili.

Nguvu ya pili ya Ethiopian ni wingi. Inafika katika miji zaidi ya 50 ya Afrika na ina ndege zaidi ya mia moja. Viti vya ndege ya masafa marefu havijazwi na watu wa mji mmoja; hujazwa na mafungu madogo, watu wanne kutoka Lubumbashi, saba kutoka Bujumbura, kumi na mmoja kutoka Dar es Salaam, wote wakikutana katika kitovu kimoja ndani ya saa mbili. Matatu inaweza kusubiri kituoni mpaka ijae, lakini ndege ya saa 5:25 usiku itaondoka saa hiyo hata ikiwa na viti 100 vitupu kati ya 234. Kwa hiyo mafanikio ya njia ya New York yanaamuliwa kwa kiasi kikubwa na ndege ndogo aina ya Embraer zinazofika Nairobi jioni kutoka Entebbe, Kigali au Lusaka. Zikichelewa, abiria wa Marekani wanabaki na hoteli wanalipiwa. Zikiwa chache, abiria hao wanapita Addis Ababa. Mjadala wa hadharani kuhusu njia hii hujikita kwenye Atlantiki, wakati kazi kubwa iko kwenye safari fupi ndani ya Afrika.

Misimu nayo ina uzito wake. Safari zilizinduliwa zikiwa za kila siku, lakini mapema mwaka 2019 zilipunguzwa hadi tano kwa wiki kwa sababu miezi ya baada ya sikukuu huwa haina abiria wa kutosha. Watalii wanaokuja kuona nyumbu Maasai Mara hujazana kati ya Julai na Septemba, na Wakenya wa ughaibuni hurudi Desemba. Kati ya vilele hivyo kuna mabonde marefu. Kupunguza safari huokoa mafuta, lakini kuna gharama iliyojificha. Abiria wa daraja la biashara, ambaye nauli yake ndiyo inayobeba faida ya safari, anataka kuondoka siku anayotaka yeye. Akikuta Jumatano hakuna ndege, anakwenda kwa mwingine, na pengine harudi. Kisha likaja janga la korona, safari zikasimama Machi 2020 na kurejea mwishoni mwa Novemba mwaka huo.

Mtu anaweza kuuliza kama shehena haiwezi kuziba pengo hilo, hasa kwa nchi inayouza maua duniani kote. Kwa kiasi kidogo tu. Soko kuu la waridi la Naivasha ni Ulaya, na Marekani hupata sehemu kubwa ya maua yake kutoka Colombia na Ecuador, ambazo ziko karibu zaidi. Nguo za viwanda vya Kenya zinazouzwa Marekani husafiri zaidi kwa meli. Tena tumeona kwamba upande wa kwenda ndio ulio na ukomo mkali wa uzito.

Haya yote yaliangukia shirika lililokuwa limetoka kunusurika. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016, Kenya Airways ilipata hasara ya shilingi bilioni 26.2, na mwaka 2017 madeni yake yakageuzwa kuwa hisa, serikali ikabaki na asilimia 48.9. Hasara ya mwaka 2022 ilifika bilioni 38.3. Mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya bilioni 5.4, ya kwanza katika zaidi ya muongo mmoja, na furaha ilikuwa ya haki. Lakini katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 hasara ilirudi na kuzidi bilioni 12, sababu kubwa ikiwa ni ndege tatu za 787 kukaa chini kwa uhaba wa injini na vipuri. Turudi kwenye hesabu yetu: njia ya New York ikiruka kila siku hutaka ndege mbili. Mbili kati ya tisa ni mzigo unaobebeka. Mbili kati ya sita ni theluthi moja ya uwezo wote wa masafa marefu umeelekezwa kwenye mji mmoja, huku abiria wa London na Guangzhou wakingoja. Naamini kwamba njia hii inastahili kulindwa, kwa kuwa Nairobi ikiipoteza itakuwa imewarudishia wengine abiria waliochukua miaka kupatikana. Lakini haiwezi kulindwa kwa fahari ya taifa peke yake, bali kwa ndege za kutosha na mikataba ya injini iliyojadiliwa mapema.

Kuhusu uwezekano wa mshindani mpya kutoka ukanda huu, ndege si kikwazo tena. Air Tanzania ilipokea 787-8 yake ya kwanza Julai 2018, miezi mitatu tu kabla ya uzinduzi wa Nairobi, na Dar es Salaam iko kando ya bahari, ambako shida ya hewa nyepesi ya mwinuko haipo, ingawa joto lipo na safari ni ndefu zaidi. Uganda Airlines ina Airbus A330-800 mbili, na Mei 2025 ilianza kwenda London. Lakini Tanzania na Uganda hazina daraja la kwanza la FAA, na kulipata ni kazi ya wakaguzi na wanasheria inayokwenda miaka. Mpaka mamlaka za Dar es Salaam na Entebbe zimalize kazi hiyo, Mtanzania au Mganda anayekwenda New York ataendelea kuamua kati ya Nairobi, Addis Ababa, Ghuba na Ulaya, na kwa kila tiketi anayonunua kupitia Nairobi, ndege ya saa 5:25 usiku inapata mtu mmoja zaidi wa kuijaza.